Hiyo Bei ya Zamani Kwenye Simu Yako Imeandikwa Upya

Tarehe 12 Desemba 1980, hisa za Apple ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza. Bei ilikuwa dola 22 kwa hisa moja. Hiyo iko kwenye rekodi, haina ubishi. Sasa toa simu, fungua apu yoyote ya hisa, uvute grafu ya Apple mpaka mwanzo kabisa. Utaona senti kumi na kitu. Si dola kumi, wasee. Senti kumi.

Nani alinunua Apple kwa senti kumi? Hakuna. Hata mtu mmoja. Ukimwambia mtu wa 1980 bei hiyo, angedhani unataka kumwibia.

Basi kuna mtu alirudi nyuma akaandika historia upya. Na kabla hujaanza kusema ni njama, ngoja nikwambie: alikuwa na sababu nzuri sana. Shida ni kwamba wengi wetu tunaangalia hizo grafu kila siku, tunabishana nazo mtandaoni, wengine wanauziwa kozi kwa kutumia hizo grafu, na hatujui kwamba bei za zamani zimepigwa pasi. Na kuna wengine wana shida ya pili, ngumu zaidi: wanatumia bei ambazo hazijapigwa pasi, na hawajui. Leo tunaongea juu ya hizo shida mbili, zilikotoka, na mbona zinaweza kukula pesa zako au za familia yako.

Noti ya thao

Tuanze na kitu rahisi. Una noti ya elfu moja. Unaingia dukani unaomba chenji, unapewa noti kumi za mia. Je, umepoteza mia tisa? Ukiangalia tu "bei ya noti moja," ndiyo, noti yako ilikuwa 1,000 na sasa noti yako ni 100. Imeshuka asilimia 90. Lakini mfukoni hakuna kilichobadilika.

Hicho ndicho kampuni hufanya ikigawanya hisa. Bei ikipanda sana mpaka mtu wa kawaida anaogopa kununua, kampuni inakata kila hisa vipande. Thamani ni ile ile, vipande ni vingi.

Hapa kwetu tuliona hii sana katikati ya miaka ya 2000. KCB ilikata kila hisa vipande kumi mwaka 2007. Ukiwa na hisa 100, uliamka na hisa 1,000. Barclays Bank of Kenya, ambayo leo tunaiita Absa, ilikata mara mbili: vipande vitano mwaka 2006, kisha vipande vinne mwaka 2011. Tano mara nne ni ishirini. Equity iliingia sokoni Agosti 2006, mwaka uliofuata ikatoa hisa mbili za bonasi kwa kila hisa moja, halafu 2009 ikakata kila hisa vipande kumi. Fanya hesabu: hisa 100 za siku ya kwanza zikawa 300, halafu 3,000. Mwenye hisa hakununua hata moja ya ziada.

Na hapo kwenye bonasi tusidanganyane. Watu husikia "hisa za bure" wanachangamka kama wamepewa zawadi. Bonasi ni chapati ile ile, imekatwa tena. Bei hushuka kulingana na vipande vipya.

Sasa fikiria mtu anachora grafu ya KCB kwa kutumia bei jinsi zilivyochapishwa kwenye gazeti kila siku. Mwaka 2007 grafu yake inaanguka kama jiwe kwenye kisima. Asilimia 90 kwa usiku mmoja. Mtu asiyejua ataona benki imekufa. Kumbe benki haikuwa na shida yoyote siku hiyo, ilibadilisha noti tu.

Ndiyo maana watunza data hurudi nyuma na kugawanya bei zote za kabla ya siku hiyo kwa kumi. Grafu inanyooka. Apple walikata mara tano: mara mbili mara mbili 1987, 2000 na 2005, mara saba 2014, mara nne 2020. Zidisha 2 × 2 × 2 × 7 × 4 upate 224. Gawanya dola 22 kwa 224. Senti kumi hiyo hapo. Hakuna uchawi.

Wazee wa penseli

Hii shida si ya leo. Ilianza karibu wakati mmoja na wazo lenyewe la kupima soko.

Tarehe 26 Mei 1896, Charles Dow alitoa kile kinachoitwa Dow Jones Industrial Average. Alichukua bei za kampuni 12, akajumlisha, akagawanya kwa 12. Akapata 40.94. Hesabu ya darasa la tano. Hakuna kompyuta, ni penseli na karatasi, na ilifanya kazi vizuri tu.

Mpaka kampuni zikaanza kukata hisa. Chukua mfano wa kampuni tatu, bei zao 10, 20 na 60. Jumla 90, wastani 30. Ile ya 60 inakata hisa vipande vitatu, bei yake inakuwa 20. Jumla sasa ni 50, wastani ni 16 na kitu. Soko limeanguka karibu nusu, na hakuna aliyepoteza hata shilingi.

Mwanzoni walitatua kwa kuzidisha: kampuni ikikata vipande vitatu, wanazidisha bei yake kwa tatu kila siku kabla ya kujumlisha. Inafanya kazi, lakini kampuni zikiwa nyingi, kila moja na kizidisho chake, ni rahisi kuchanganyikiwa. Oktoba 1928, orodha ilipofika kampuni 30, wakabadilisha mbinu. Badala ya kugusa bei, waligusa namba ya kugawanyia. Kwenye mfano wetu, jumla mpya ni 50 na tunataka wastani ubaki 30, kwa hivyo tunagawanya kwa 1.67 hivi badala ya 3. Kigawanyo cha kwanza cha Dow kilikuwa 16.67. Leo, baada ya karibu miaka mia moja ya kukatakata hisa, kiko chini ya 0.2. Yaani hisa moja ikipanda dola moja, Dow inaruka zaidi ya pointi 5. Ukisikia habari zikisema Dow imepanda pointi 400, kumbuka hiyo si pesa ya mtu. Ni namba iliyogawanywa kwa namba ambayo imekuwa ikirekebishwa tangu 1928.

Na marekebisho hayo yana athari za kweli. Dow hupima kampuni kwa ukubwa wa bei, si kwa ukubwa wa kampuni. Apple ilipokata hisa mara nne Agosti 2020, nguvu yake ndani ya Dow ilipungua hapo hapo, na siku hiyo hiyo kampuni tatu zikatolewa kwenye orodha na zingine tatu zikaingia. ExxonMobil, iliyokuwa humo kwa miongo mingi, ikatoka. Chenji ya noti ya kampuni moja ilitikisa orodha nzima.

Ng'ombe na maziwa

Kukata hisa ni nusu ya hadithi, na ni nusu rahisi. Nusu ngumu ni mgao wa faida.

Tuseme jamaa yako alinunua ng'ombe kwa elfu 80. Baada ya miaka mitano anamuuza kwa elfu 80. Wewe unasema, "Hujapata kitu, umepoteza muda." Atakucheka. Maziwa ya miaka mitano yalienda wapi? Yalilipa karo, yalinunua unga, mengine aliuza akanunua ndama. Bei ya ng'ombe peke yake haikuambii chochote juu ya biashara ya ng'ombe.

Mgao wa faida ndio maziwa. Na kuna kitu kingine wengi hawakijui: siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya mgao, bei yake kwa kawaida hushuka kiasi kinachokaribia mgao wenyewe. Ina maana. Jana ulikuwa unanunua ng'ombe akiwa na maziwa kiweleni, leo ameshakamuliwa. Kwenye grafu ya kawaida hiyo inaonekana kama hasara. Kwa mwenye hisa si hasara, pesa imetoka mfuko mmoja ikaingia mwingine.

Mtu wa mapema aliyechukulia hili jambo kwa uzito mkubwa alikuwa Mmarekani aliyeitwa Alfred Cowles. Alitoka familia yenye pesa za gazeti la Chicago Tribune, akaugua kifua kikuu, akahamia Colorado Springs kwa sababu ya hewa. Soko lilipoanguka 1929, Cowles aligundua kwamba wale wataalamu wa kutabiri bei aliokuwa akiwasoma hawakuona chochote kikija. Wengine wangekasirika tu. Yeye alianza kuhesabu. 1932 akaanzisha taasisi ya utafiti, na 1933 akachapisha makala akiuliza kama watabiri wa soko wanaweza kutabiri. Jibu lake, kwa ufupi: ni vigumu kuamini.

Lakini ili umhukumu mtabiri, lazima ujue soko lilifanya nini kweli. Na hakukuwa na rekodi nzuri. Kwa hivyo Cowles na wenzake walirudi nyuma mpaka 1871, wakakusanya bei na migao, wakatumia mashine za kadi zilizotobolewa, na 1938 wakatoa kitabu cha faharasa za hisa. Ndani kulikuwa na bei peke yake, na pia hesabu ya mtu ambaye kila mgao anaoupata anaurudisha kununua hisa zaidi. Mistari miwili, ng'ombe peke yake na ng'ombe pamoja na maziwa. Kadiri miaka inavyosonga ndivyo mistari hiyo inavyoachana.

Halafu 1960 ikaja hatua kubwa. Kampuni ya udalali ya Merrill Lynch ilitaka kuwaambia watu wa kawaida kwamba hisa ni uwekezaji mzuri. Bosi mmoja wa matangazo huko, Louis Engel, akauliza Chuo Kikuu cha Chicago swali dogo: ukilinganisha na uwekezaji mwingine, hisa zimelipa kiasi gani? Swali dogo, na hakukuwa na jibu. Soko la New York lilikuwa limefanya biashara kwa zaidi ya karne moja, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika.

Merrill Lynch wakatoa dola 50,000 za kuanzia. Maprofesa wawili, James Lorie na Lawrence Fisher, wakaanza kazi. Walichukua hisa zote za kawaida za soko la New York kuanzia 1926 mpaka 1960. Kwa kila kampuni, kila mwezi: bei. Halafu kila mgao. Kila mgawanyo. Kila bonasi. Kila kampuni iliyomezwa na nyingine, kila iliyofilisika, kila iliyobadilisha jina. Kazi ilikula karibu miaka minne. Matokeo yalitoka 1964: mtu aliyeweka pesa kwenye hisa zote hizo mwaka 1926 na kurudisha kila mgao mpaka 1960, bila kodi, alipata karibu asilimia 9 kila mwaka. Kwa kasi hiyo pesa hujizidisha mara mbili kila miaka minane hivi. Na hiyo ni pamoja na kuanguka kwa 1929 na vita vya pili vya dunia.

Zingatia kitu hapa. Swali lilikuwa la tangazo la biashara. Kilichogharimu miaka ilikuwa kusafisha data. Hesabu yenyewe ni nyepesi, kazi ni kujua nini kilitokea kwa kila hisa na lini.

Hesabu yenyewe, dakika moja

Tuseme hisa ilifunga jana ikiwa shilingi 20, na leo inaanza kuuzwa bila mgao wa shilingi 1. Chukua 1 gawanya kwa 20, ni 0.05. Toa kwenye moja, unabaki na 0.95. Sasa zidisha bei zote za kabla ya leo kwa 0.95. Ile 20 ya jana inakuwa 19. Leo ikifungua 19, grafu inaonyesha hakuna kilichobadilika, na ni ukweli: una hisa ya 19 na shilingi moja mkononi.

Mwaka ujao kuna mgao mwingine, unafanya hivyo tena, na bei za zamani zinashuka tena. Kila mgao unasukuma historia yote chini kidogo. Ndiyo maana hisa iliyolipa mgao miaka mingi, ukiangalia bei zake za kale zilizorekebishwa, zinaonekana ndogo ajabu. Hazisemi hisa iliuzwa bei hiyo. Zinasema: ukianzia hapa ukarudisha kila mgao, umekua kiasi hiki.

Tuje nyumbani

Soko la Hisa la Nairobi lilianza 1954 kama chama cha madalali wa hisa. Enzi hizo za ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kufanya biashara humo, mpaka uhuru. Kwa hivyo ile miaka ya kwanza ya data yetu ni historia ya pesa za watu wengine. Weka hiyo akilini kila mtu akikuonyesha mstari mrefu wa "soko la Kenya."

Kipimo tulichokulia nacho ni NSE 20. Kilifika kilele Januari 2007, zaidi ya pointi 6,100. Mwaka 2020 kilikuwa kimeshuka chini ya 2,000. Hizi namba mbili ndizo hupostiwa kila mara na mtu anayetaka kukuambia hisa za Kenya ni ufala. Na siwezi kusema hana hoja. Ni anguko la kweli na liliumiza watu wa kweli. Lakini NSE 20 hupima bei peke yake. Ni ng'ombe bila maziwa. Miaka yote hiyo, benki na kampuni kadhaa zilikuwa zikilipa migao, na hakuna hata shilingi moja ya hiyo migao kwenye hizo pointi.

Linganisha na DAX ya Ujerumani, iliyoanza 1988. DAX inayotajwa kwenye habari huwa na migao ndani yake tayari. S&P 500 inayotajwa kwenye habari haina. Mtu akiweka DAX na NSE 20 kwenye grafu moja kisha aseme Ujerumani imetushinda mara kadhaa, anapima urefu wa watu wawili, mmoja amevaa viatu na mwingine hana. Labda Mjerumani ni mrefu kweli. Lakini avue viatu kwanza.

Chukua Safaricom, kwa sababu kila familia ina story ya Safaricom. 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walichukua mikopo, wengine waliuza mifugo. Hisa zikaanza kuuzwa Juni 2008, na kabla ya muda mrefu bei ikashuka chini ya 3. Wengi waliuza kwa hasara na mpaka leo hawataki kusikia neno hisa. Halafu ikapanda, ikapita 40 mwaka 2021, ikashuka tena, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa ikizunguka shilingi 13.

Mtu wa skrinshoti atakuambia: 5 mpaka 13, miaka kumi na sita, faida shilingi 8. Hapo ndipo anakosea. Ukijumlisha migao ya miaka yote hiyo, kabla ya kodi, mwenye hisa alikuwa ameshapokea zaidi ya shilingi 11 kwa kila hisa. Maziwa yalizidi faida ya bei ya ng'ombe. Nusu kubwa ya historia ya hiyo hisa haiko kwenye mstari wa bei kabisa.

Simaanishi kila mtu alitoka tajiri. Ongeza mfumuko wa bei kwenye hesabu uone shilingi ya 2008 ilinunua nini na ya 2024 inanunua nini. Na kuna Mumias Sugar, iliyoingia mikononi mwa mrasimu 2019. Hakuna marekebisho ya data yatakayofufua hiyo. Lorie na Fisher waliweka kampuni zilizokufa kwenye hesabu yao kwa sababu hiyo hiyo. Ukihesabu waliopona peke yao, hiyo ni hadithi ya waliopona tu.

Karatasi kwenye sanduku

Sasa niwaambie mbona hili jambo linanikera.

Kuna mama mmoja jirani yetu, tunamwita Mama Achi. Mzee wake alifariki, na kwenye sanduku la stakabadhi wakapata cheti cha hisa cha benki moja, kimeandikwa hisa 500, tarehe ya miaka ya tisini. Jamaa mmoja mwenye tai, anayejiita mshauri wa pesa, akamwambia, "Mama, hisa 500, bei ya leo ni hii, zidisha, nitakupatia hiyo pesa cash kesho, mimi nihangaike na makaratasi." Ilionekana kama wema. Mama alikuwa karibu kusaini. Binti yake ndiye alinitumia picha ya cheti kwenye simu, akauliza kama hiyo hesabu ni sawa.

Hesabu ilikuwa sawa. Mia tano mara bei ya leo. Shida ni kwamba hakuna tena hisa 500. Hiyo benki ilikuwa imekata hisa zake tangu cheti kichapishwe, na hisa hizo zilikuwa zimeongezeka mara nyingi kwenye daftari la wanahisa huku karatasi ikilala sandukuni. Bei ya leo ni ya kipande kidogo cha leo. Namba ya kwenye cheti ni ya vipande vikubwa vya zamani. Ukizidisha hivyo viwili, unapata takataka, na takataka hiyo ingemnufaisha jamaa wa tai peke yake. Na hatujataja migao ya miaka yote ambayo hakuna aliyeichukua.

Nilimwambia binti yake wasisaini chochote. Waende kwa msajili wa hisa wa hiyo kampuni na cheti, kitambulisho na karatasi za mirathi, waulize idadi ya sasa. Waulize pia migao ambayo haikuchukuliwa iko wapi, kwa sababu migao na hisa zilizosahaulika hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa, na zinaweza kudaiwa. Wako kwenye hiyo safari sasa. Ni foleni na makaratasi, lakini ni yao.

Unaona, kurekebisha data si mchezo wa maprofesa. Ni hesabu ile ile, imegeuzwa tu. Kwenye grafu tunashusha bei ya zamani ili ilingane na kipande cha leo. Kwenye cheti tunapandisha idadi ya zamani ili ilingane na bei ya leo. Ukisahau, kuna mtu anakula tofauti.

Upande wa pili wa uongo

Lakini pia data iliyorekebishwa inaweza kudanganya, na hapa ndipo vijana tunaliwa.

Kwanza, zile video za "ungenunua Apple kwa senti kumi." Hukuwa na nafasi hiyo. Bei ilikuwa dola 22. Faida ni ya kweli, bei ya kuingilia si ya kweli.

Pili, wale wanaouza roboti za kununua hisa. Wanakuonyesha roboti yao ikijaribiwa kwenye data ya zamani, imepata mara kumi. Uliza data ni ipi. Kama ni bei ghafi, roboti inaweza kuwa iliuza hisa ya kukopa kabla ya siku ya mgawanyo, ikaona "imeanguka" asilimia 90, halafu hesabu ikaichukulia kama faida. Hiyo faida haikuwahi kuwepo popote duniani.

Tatu, na hii ni ya werevu zaidi. Mtu anatumia data iliyorekebishwa vizuri kabisa, halafu anaweka sheria kama "nunua hisa yoyote iliyo chini ya dola moja." Roboti inarudi 1980, inaona Apple kwa senti kumi, inanunua. Jinsi gani? Apple iko kwenye senti kumi kwa sababu ya migawanyo ya 2014 na 2020. Roboti ya 1980 imeokota hisa kwa kutumia habari za 2020. Ni kama kubeti mechi ukiwa umeshaona matokeo. Bei iliyorekebishwa ina harufu ya siku zijazo, na ukiitumia kufanya uamuzi wa zamani, unajidanganya kwa data safi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Usiamini bei ghafi peke yake, usiamini bei iliyorekebishwa peke yake. Weka zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Ukitaka kujua mtu alilipa ngapi siku fulani, tumia ghafi. Ukitaka kujua pesa yake ilikua kiasi gani, tumia iliyorekebishwa. Na mtu akikupostia grafu ya hisa akitaka ukubali kitu, mwulize maswali matatu kabla hujagonga moyo: migawanyo imerekebishwa? Migao imo ndani? Kampuni zilizokufa ziko wapi?

Akikosa jibu, hajui anachokuonyesha. Akikasirika kwa sababu umeuliza, pengine anajua vizuri sana.